Yungiyungi Lililokatwa Mguu

Mama yangu alisoma shule ya masista, na beji yake ya kitambaa aliitunza ndani ya Biblia tangu usichana. Wenzake wa darasa walipopanga kukutana, wote sasa vikongwe, alinikabidhi beji ile niende nayo Guangzhou, China, nilikokuwa nikifuata nguo za biashara, niwatengenezee sweta zenye nembo kama hiyo. "Usiniaibishe mbele ya wenzangu," alisema.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu, soko la nguo la Zhanxi halikuwa na pa kukanyaga. Nilimwachia fundi wa kudarizi ile sampuli, nikaenda mji wa jirani, Xintang, kutafuta jinzi. Niliporudi, jamani! Sweta zote zina yungiyungi la petali tatu, mshipi katikati, halafu chini ya mshipi hakuna kitu. Mguu wa ua umekatwa.

Niliwaka. "Laoban, umeniharibia!" Yule bosi hakubishana. Aliweka beji ya mama mbele yangu. Nayo haikuwa na mguu. Nilikuwa nimeibeba kutoka nyumbani bila kuitazama hata siku moja. Kurudia haikuwezekana: kesho kontena linafungwa, na mafundi wanakwenda kwao kula sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina.

Jirani yangu wa hotelini, Mkongo wa Lubumbashi aliyewahi kufundisha historia, aliigeuzageuza ile beji. "Usikasirike, mama. Hii ua iko na jina yake." Akanieleza kwamba wafalme wa Ufaransa waliliweka kwenye ngao zao, na Wakristo wakalifanya ishara ya usafi wa Bikira Maria. Wengine husema mwanzoni halikuwa yungiyungi hata kidogo, ni ua la njano la mtoni. Likichorwa bila mguu, wajuzi wa ngao huliita *au pied nourri*. "Si makosa," alisema. "Waambie hivyo."

Nilishukuru, lakini nani angewaeleza vikongwe wale Kifaransa? Nilinunua kadi, nikaingia kibanda cha simu barabarani, nikampigia mama.

"Mama, nisamehe. Maua yote hayana mguu."

"Niliukata mimi," alisema. "Kwa mkasi. Dada yako alichaguliwa shule ileile. Alikuwa akiililia beji ile kila siku. Malaria ikamchukua kabla hajaripoti. Nikaukata mguu, nikaushona kwenye gauni tulilomzika nalo. Nilitaka tugawane."

"Dada yangu? Dada yupi, mama?"

"Wewe ulikuwa hujazaliwa. Baba yako alikataza asitajwe."

Nilimwuliza aliitwa nani. Akanitajia jina langu.

Nililia pale pale kibandani, watu wakinipita na mikokoteni. Mama naye alikuwa akilia. Kisha akasema zile sweta nizilete kama zilivyo, wenzake atawaeleza mwenyewe. Nikaenda kumwambia laoban afunge mzigo.