Benchi la Watu Saba

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi seremala, na maisha yake yote hakupiga kura hata moja. Watu wa kampeni walipofika karakana aliwakaribisha, kisha akaendelea kupiga randa.

"Kura inawagawa watu kama mbao zinavyotengwa stoo," aliwaambia. "Anayeshindwa anarudi nyumbani peke yake."

Alisema siku hizi kila mtu amefanywa mfalme wa chumba chake, ndiyo maana hamjui jirani. Vijana walimwita Mzee wa Zamani, naye akaitika.

Nyumbani alitutengenezea benchi la watu saba. Likitokea jambo tulikaa hapo wote, na hakuna aliyeinuka, isipokuwa kwa sala na haja, mpaka tukubaliane. Nilipofaulu kwenda sekondari, Baba hakutaka, kaka zangu wawili hawakutaka, baba mdogo ndiyo kabisa. Mama alikuwa peke yake. Tulikaa tangu asubuhi mpaka jua likaelekea kuzama, chai ikipoa na kupashwa tena. Mama hakupandisha sauti.

Mwisho Baba akajikuna kidevu. "Haya, mama yenu kanishinda kukaa. Aende."

Kwa kura ningebaki nyumbani.

Dada yangu hana hamu na benchi hilo. Ndoa yake iliamuliwa hapo. "Wewe ulibahatika," huniambia. "Mimi nilichoka tu, nikakubali."

Mwaka huu, Mama akiwa ameshatangulia mbele ya haki, Baba alilazwa. Aliomba jambo moja tu, afie nyumbani. Daktari alishauri abaki wodini. Kaka mkubwa, anayeishi mbali, akaandika kwenye kundi letu la simu kwamba tupige kura. Dada peke yake akajibu, "Tukae kwanza." Mimi nilikuwa kazini, foleni imejaa mbele ya dirisha langu. Nikaandika abaki. Watatu kwa mmoja, ikaisha kabla sijamhudumia mtu wa pili.

Jioni Baba aliniuliza, "Mlikaa?"

"Tulikaa, Baba."

"Mkakubaliana wote?"

"Wote."

"Basi sawa," akasema, akageukia ukutani.

Alifariki siku ya tatu, katikati ya vitanda vya watu asiowajua. Kila sala namwomba Mungu anisamehe jibu lile.

Baada ya mazishi, watu walipotawanyika, nilikaa kwenye benchi nikamweleza Dada nilivyomdanganya Baba. Alisogea, akakaa karibu yangu, na chai yetu ikapoa bila hata mmoja wetu kuinuka.