Chungwa Lisilogawanywa

Mama alipoacha kula, kilichobaki kumvuta ni tamthilia ya watu walioihama dunia. Wanaishi ndani ya chombo kinachosafiri kati ya nyota, na walichookoa ni michungwa michache katika chumba cha kioo. Chungwa likiiva wanakusanyika, wanagawana, wanatafuna hadi maganda.

Tuliitazama nyumbani Gatsata, simu ikiegemea mto, kwa agasobanuye: mfasiri wa hapa Kigali anaongea juu ya sauti za waigizaji, anaeleza, anatania, anatia chumvi. Mimi nilikuwa nimeiona kwa Kiingereza. Nilijua kuwa chungwa zima hupewa mtu ambaye hatarajiwi kufika mwisho wa safari; ni la kuagana. Mfasiri wetu, labda kwa huruma, alisema anayepewa zima ndiye atakayefika wa kwanza.

"Nami nataka zima," mama akasema. "La rangi ile ile."

Lilikuwa ombi lake la kwanza la chakula tangu daktari atuambie kwamba asipokula watasimamisha dawa, mwili hauzibebi. Nikashuka mbio hadi sokoni Muhima.

Muuzaji akanionyesha machungwa yetu, ya kijani.

"Nataka yenye rangi."

"Dada, utamu iko ndani. Unakula rangi?"

"Ni ya mgonjwa."

"Mgonjwa anachagua? Huyo atapona. Wenye kufa hawachagui."

Akacheka. Nilitamani kumshika mkono arudie maneno hayo. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Kacyiru, na kwenye duka la watu wa maofisini nikayakuta, ya kutoka ng'ambo, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nikachukua moja.

Mama alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa muda mrefu, kisha akanirudishia nilimenye. Nilipompa, hakuligusa.

"Onja kwanza."

Miaka yote aliyoishi Tanzania haikumtoa desturi hiyo ya kwao: anayetoa huonja mbele ya anayepewa, ndipo mgeni anywe, ndipo mgonjwa ale. Nikasita. Nikionja, si zima tena, na yeye alitaka zima. Nisipoonja, nitakuwa nimemkabidhi mama yangu lile chungwa la kuagana, kwa mkono wangu.

Nikabandua kipande, nikala. Nilikimeza kwa furaha ya mwizi.

Mama akatazama pengo lile. "Haya," akasema polepole. "Sasa nipe."

Nikamtilia kipande mdomoni. Akakiweka shavuni kama mtoto anayeficha kidonge. Akajaribu. Koo likapanda, likashuka, likagoma. Maji ya chungwa yakamtiririka kidevuni.

"Meza tu, mama. Kidogo tu."

"Ni tamu," akasema, akakitoa, akakiweka kiganjani mwangu kikiwa na joto lake.

Nikakamua kipande kingine kwenye kijiko. Alikuwa amefumba midomo. Nikashika kijiko hapo mbele yake, nikamwomba hadi maji yakamwagikia shuka, nikakamua kingine.