Siku Baba Nyota Alipomnadia Binti Yake Masomo ya Nyota

Katika idara ya fizikia walimwita Baba Nyota. Kazi yake ilikuwa kutunza darubini ya chuo: kufuta lenzi, kukaza nati, kuifunika turubai mvua ikinyesha. Ila mara moja kwa mwaka, siku ya wageni, alitolewa uani na darubini yake ili kuwavutia vijana waliomaliza sekondari.

Vijana walichagua njia moja kati ya tatu: fizikia tupu, fizikia na elektroniki, au fizikia na astronomia. Foleni ya elektroniki ilifika getini. Ya astronomia ilikuwa ya wazazi waliotafuta kivuli.

Mwaka huo mkuu wa idara alikuja kusimama karibu yake. "Amebaki mwanafunzi mmoja tu idadi itimie, Baba Nyota. Tukimkosa, astronomia tunaifunga, na wewe unahamia stoo ya viti."

Baba Nyota akaitikia kwa kichwa. Kwa kuwa mchana hauna nyota, aliielekeza darubini kwenye tangi la maji mlimani. Wageni walichungulia, wakaliona tangi limesimama kichwa chini, wakacheka. Hapo ndipo alipowapata. Aliwaambia darubini ile hupindua kila kitu, lakini nyota haina miguu wala kichwa, haioni tofauti.

Nyumbani alikuwa na maneno mengine. Binti yake wa mwisho alipotaja astronomia mezani, alimwambia, "Nyota utazichemsha ule? Soma elektroniki, mwanangu. Redio hazitaacha kuharibika."

Sasa binti huyohuyo akajitokeza kwenye foleni, amevaa nguo ya kutokea, mkono mmoja kiunoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu Baba Nyota.

"Mtu akisoma hii ya nyota, ataajiriwa wapi?"

Wazazi wakasogea. Hilo ndilo swali walilokuwa wakilionea haya. Mkuu naye akageuka kusikiliza.

Baba Nyota aliwaza kujikohoza hadi mtu mwingine ashike zamu. Lakini aliikumbuka stoo ya viti, na jibu lenyewe alikuwa amelizoea kama njia ya chooni. Likatoka lote: mwaka wa kwanza wote husoma hesabu na fizikia ileile, baadaye wa nyota hujifunza kuandika programu za kompyuta na kuchambua vipimo maelfu kwa maelfu, watu hao wanatafutwa kwenye setilaiti, kwenye hali ya hewa, hata benki. Alisema vizuri kuliko miaka yote. Mama mmoja aliacha kujipepea.

"Asante," binti akasema. "Tatizo ni baba yangu. Anasema nyota haziliwi."

Mkuu akaguna. "Wazazi wa namna hiyo ndio wanaotuulia idara. Mlete nimpe somo."

"Yupo hapa," binti akasema, akimtazama mtunza darubini bila kupepesa.

Mkuu alimtazama binti, akamtazama Baba Nyota: pua ilikuwa moja.

"Kumbe," alisema polepole. "Haya, mzazi mwenzetu. Hebu tuambie mbele ya wenzako, una pingamizi gani?"

Baba Nyota akaitazama foleni. Wote walikuwa wametega masikio, na yule mama alikuwa ameshamsukuma mwanawe mbele kidogo.

"Sina," akasema.

"Sema kwa sauti, baba," binti akamwambia. "Wa nyuma hawajasikia."