Hilda na Ng'ombe wa Mama Mkwe

Tangu aolewe na Ryoba na kuhamia kijijini kwao, nje kidogo ya Bunda, Hilda alijiona kama mgeni aliyesahau kuaga. Kwao Bukima asubuhi ilianza ufukweni kwa kuanika dagaa. Huku ilianza zizini, na ng'ombe mwekundu wa mama mkwe alikuwa hajampa hata tone. Alishaamua moyoni: leo akishindwa tena, atamwomba Ryoba amrudishe kwao kwa muda.

Alichuchumaa, akashika chuchu, akavuta. Ng'ombe akapiga teke, ndoo ikabingirika.

"Wee Hilda!" mama mkwe alicheka kutoka langoni. "Kumbe ndivyo mnavyovutaga nyavu huko kwenu! Huyo si sangara, mwanangu. Mwegemee kwanza, mzoeane."

Hilda aliirudisha ndoo, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe na kufumba macho, asionekane analia. Tumbo lile lilikuwa na joto, na ndani yake kulinguruma taratibu, kukatulia, kukanguruma tena, kama ziwa linapogusa mchanga alfajiri. Akajikuta anapumua kwa mwendo uleule. Mabega yakalegea, vidole vikaacha pupa. Safari hii aliminya bila kuvuta.

Maziwa yakalia chwaa kwenye ndoo, kisha chwaa tena, mpaka povu likapanda.

"Mama! Anatoa!"

"Naona! Haya, mbakizie na ndama, au unataka kukamulia Bunda nzima?"

Hilda alicheka machozi yakiwa bado mashavuni. Ryoba alipokuja kuuliza kelele zile ni za nini, kitu pekee alichoombwa ni ndoo nyingine.