Saa za Mshonaji Asiyekuwepo

Bado nausikia ule mlio: vyerehani vikinguruma pamoja, kisha vyote vikanyamaza nilipobisha hodi. Ilikuwa siku yangu ya kwanza ya kukusanya takwimu, kwenye karakana ya kushona sare katika mtaa wa Remera. Nilikuwa na cheti cha sekondari tu, na ndoto kubwa kuliko begi langu.

Ninyi mnaoitamani kazi hii, jueni tulichokuwa tukipima: tija. Unachukua bei ya sare zilizoshonwa, unatoa gharama ya kitambaa, uzi na umeme wa taa na pasi. Kinachobaki unakigawa kwa saa walizofanya kazi. Halafu kwenye ofisi yetu ya takwimu, mtaa wa Kacyiru, wanalinganisha viwanda: maziwa, vigae, nguo. Nguo zilikuwa chini kila mara, na watu wakisema washonaji ni wavivu.

Nikauliza saa za kila mmoja. Cherehani kimoja kilikuwa kimefunikwa kitenge.

"Na huyu?"

"Mama Keza iko nje kidogo," akasema Mama Aline, kiongozi wao. "Andika siku nzima."

Kesho yake kitenge kilikuwa palepale.

"Kwani huko nje alikoenda ni mbali kama Bugesera?" nikauliza. Wakacheka hadi mmoja akaangusha mkasi. Ndipo Mama Aline akaninong'oneza: Mama Keza amejifungua. Hana mkataba, bosi akijua hayupo, atampa mtu mwingine nafasi yake. Kwa hiyo wenzake wanagawana sare zake na kubaki hadi jioni.

Nikampigia msimamizi wangu.

"Asiyekuwepo, sifuri," akasema. "Waliobaki jioni, waongezee saa zao. Na majibu ya watu hatumwonyeshi mtu, umesikia?"

"Nimesikia, shefu."

Bosi wa karakana alinisubiri mlangoni. "Dada wa takwimu, nionyeshe basi nani mvivu."

"Kuonyesha siruhusiwi, bosi. Ila mvivu sijamwona."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Kwenye orodha ya tija nguo zilibaki chini ya maziwa, maana kule mashine kubwa ndiyo inayofanya kazi, huku ni mguu wa mtu. Uvivu haumo. Mkataba wangu umekwisha sasa, nawaza chuo, na hilo ndilo nililojifunza.

Siku ya kurudisha tableti niliyojazia majibu nilifika ofisini kabla ya wengine. Penye ile sifuri niliyomwandikia Mama Keza, jina halikuwa la lazima. Nikalifuta, nikaandika "mshonaji", nikatuma.