Mate ya Emori

Emori hakuumbwa kukaa chumbani. Tangu tukiwa wadogo hapa Nasinu, mji wetu wa visiwani, alikuwa mtu wa kutoka: alfajiri kabeba mashine yake ya kukatia nyasi, jioni karudi na nyasi mpaka masikioni, ananawa, kisha anamlisha mama yake kwa mkono wake, maana mikono ya mama hutetemeka. Mama huyo, Asinate, ni shangazi yangu. Kwa hiyo Emori ni mtani wangu, na mtani kwetu hana haya wala huruma.

Alipoambukizwa korona, mwaka ule wa 2021, ugonjwa wenyewe haukuwa wa kutisha. Mafua, kichwa, kikohozi kikavu. Lakini shangazi ana pumu. Basi Emori akafungiwa chumba cha nyuma, akajiandikisha katika utafiti wa mate, nami nikawa mkusanyaji. Kila asubuhi anatema kwenye kichupa, maabara inahesabu virusi. Daktari alisema mlango hautafunguliwa mpaka vichupa viwili mfululizo vitoke safi.

"Umekuja kunikama tena?" ananiuliza dirishani. "Hata ng'ombe hupewa majani kwanza."

"Tema, bwana. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maana mdomo wako umewahi kufanya."

"Ya jana ngapi?"

"Laki tatu."

"Na juzi milioni mbili! Nimepona, fungua."

"Virusi laki tatu unampelekea mama yako zawadi?"

Hapo huanza kutembea. Hatua saba kwenda, saba kurudi, namsikia mpaka barabarani. Iliniuma, lakini ningefanyaje? Shangazi alikuwa akila muhogo kwa kijiko, nusu unaishia kifuani, na hataki kulishwa na mtu mwingine.

Siku ya nane hesabu ikashuka hadi elfu tisa. Siku ya tisa nikapewa kichupa chenye mate ya kijivu kama maji ya dimbwi.

"Emori, nini hii?"

"Mate."

"Usinifanye mjinga. Umekunywa kava! Si nilikwambia usitie kitu kinywani kabla sijaja?"

Akaangalia sakafu. Chumbani humo hamkuwa na kava, ule unga wetu wa mizizi unaochanganywa na maji, nikaingiwa na hofu.

"Nani kakuchanganyia?"

"Mama. Kanisikia natembea usiku kucha. Alfajiri kaja dirishani, kasema ninywe kidogo nitulie."

"Kwa kifuu gani?"

Kilikuwa pale dirishani, kimoja tu, kile cheusi cha marehemu babu. Sikuhitaji kuambiwa mengine. Kava hainywewi peke yako. Anayechanganya anakupa, unapiga makofi mara moja, unakunywa mpaka tone la mwisho, unamrudishia, naye anajitekea zamu yake kwa kifuu kilekile.

"Ningemkatalia vipi, Isoa? Mama yangu?"

Nilimtukana mpaka mbwa wa jirani wakabweka, na safari hii haukuwa utani. Kisha nikaenda sebuleni na kichupa kipya. Shangazi akatema bila kuuliza.

Siku tatu mate yake yalitoka safi, nikaanza kujidanganya. Siku ya nne, elfu arobaini, na kikohozi kidogo. Kifua chake bado kilikuwa kinavuta hewa vizuri. Hesabu ya Emori ilikuwa bado haijafika sifuri. Nilikwenda kumwambia shangazi. Nilimkuta mkekani, anasikiliza zile hatua saba nyuma ya ukuta.

"Ninayo?"

"Unayo, shangazi."

"Ileile ya Emori?"

"Ileile."

Akafuta mdomo kwa ncha ya kitambaa, akaninyooshea mkono nimwinue.

"Basi huo mlango mnaufungia nini tena? Mwite mwanangu aje anilishe. Siku kumi na tatu nina njaa."