Karata za Kiti cha Kusini

Kwenye klabu ya karata za briji walimwita Karani, na jina likamganda hadi nyumbani. Wenzake walikaa wanne wanne mezani, kwenye viti vilivyoitwa Kusini, Magharibi, Kaskazini na Mashariki, wawili wakishindana na wawili. Yeye alikaa pembeni na kompyuta, akiingiza kila mgao: nani alipata karata zipi, nani alitaja turufu gani, nani alishinda. Ukimuuliza karata za jana, hana habari. Aliandika ili asihangaike kukumbuka.

Aliyekumbuka alikuwa kaka yake. Huyo walimwita Kimya, kwa sababu mezani hakufungua mdomo. Lakini ukikutana naye barabarani baada ya mwaka mzima, angekutajia karata zako zote kumi na tatu, kisha akuoneshe pale ulipoboronga. Kuna waliovuka barabara wakimwona anakuja.

Halafu ugonjwa wa kusahau ukamwingia. Ulianza na funguo, ukaja kwa majina ya wajukuu, mpaka siku aliyotoka kununua mkate akarudishwa na askari, mikono mitupu, viatu vya ndani miguuni.

"Wifi, mimi nimechoka," mkewe alimwambia Karani jikoni, mikono imezama kwenye beseni la vyombo. "Jana kaniuliza mama yake yuko wapi. Nimempatia nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee."

"Kaka yangu hajafika huko."

"Kafika na kapita. Wewe unakuja Jumapili, jioni unaondoka zako."

"Karata bado anazijua. Mpe karata uone."

"Wewe na karata. Ungeolewa na mfalme wa shupaza, sote tukapumzika."

Wakacheka, kicheko cha watu waliokosa usingizi. Wifi akajifuta mikono kwenye kanga. "Haya. Akionesha kwamba anaujua mgao mmoja tu wa zamani, abaki nyumbani, nitajikaza. Akishindwa usinilaumu."

Karani akaivaa kazi. Migao ya zamani ilikuwa imehifadhiwa na programu ambayo klabu iliiacha kitambo. Ile mpya, inayokuwezesha kuucheza tena mchezo uliopita huku kompyuta ikishika viti vitatu vingine, haikuyasoma mafaili hayo kabisa. Aliyafungua akakuta msururu wa herufi na namba, mafungu manne ya karata yaliyotengwa kwa nukta. Alikaa nayo hadi akajua kipi ni kopa na kipi ni uru, akaandika kiprogramu cha kuyageuza kutoka mtindo wa kale kwenda mpya. Faili la kwanza alilolijaribu lilifunguka barabara, kila mchezaji na karata zake. Alicheza ngoma peke yake sebuleni. Kisha akayageuza yaliyobaki yote kwa mkupuo, akachagua mgao mmoja wa fainali ya mwisho ambayo Kimya alishinda. Alihakikisha tu kwamba kila kiti kina karata kumi na tatu. Alikuwa na haraka.

Kaka mtu alikuwa amenyolewa ndevu na kufungwa vifungo vya shati mpaka juu. Karani alimwekea kompyuta mbele yake, mafungu yote manne yakiwa wazi.

"Kaka, wewe unakaa Kusini, huku chini. Cheza."

Kimya aliangalia kwa muda mrefu, midomo ikitikisika kama anayehesabu.

"Hizi si zangu."

"Ni zako, kaka. Za ile fainali."

"Si zangu." Akanyoosha kidole upande wa kulia, kwenye kiti cha Mashariki. "Zangu zile."

Wifi, aliyesimama nyuma ya kiti, alitikisa kichwa polepole. Hakuwa na furaha ya kushinda. "Unaona? Hata upande wake haujui."

"Zangu zile pale," Kimya alirudia, sauti ikipanda kama ya mtoto aliyenyang'anywa. "Mbona mmempa mwingine?"

Mtu akishabandikwa ugonjwa, hata ukweli wake huhesabiwa kuwa dalili. Hakuna anayeinuka kwenda kuangalia. Anasema, nasi tunatazamana juu ya kichwa chake. Karani, aliyekuja kumtetea, ndiye aliyeifunga kompyuta na kusema bila kumtazama mtu: "Mpeleke, wifi."

Akapelekwa.

Mvua zilikuja zikaisha. Siku moja klabuni, fundi saa alikuwa akijifurahisha kwa kurudia michezo yake ya zamani, akamwita.

"Karani, umenihamisha kiti. Karata zangu umempa jirani."

"Ulicheza vibaya tu, fundi, sasa unatafuta wa kumsingizia."

"Vibaya nilicheza, sikatai. Lakini nilicheza vibaya kwa karata zangu mwenyewe."

Meza nzima ikacheka. Karani naye alikuwa bado anacheka alipolifungua faili la kale kumwonesha, kisha akaanza kulisoma upya tangu juu. Programu ya kale ilianza kuandika karata za yule aliyegawa. Ile mpya ilianza na Kusini siku zote, na kiprogramu chake kilizihamisha karata kwa mfuatano uleule. Katika faili lake la kwanza la kujaribia, Kusini ndiye aliyegawa, basi yakalingana. Kwenye mgao wa fainali aligawa Magharibi. Akafuatisha kwa kidole: za Magharibi zilienda Kusini, za Kaskazini Magharibi, za Mashariki Kaskazini. Na za Kusini zilienda Mashariki.

Palepale alipoonesha kaka yake.

Alitoka bila mkoba. Wifi alimsikiliza mlangoni, akajikalisha kwenye ngazi.

"Kwa hiyo alijua."

"Alijua."

"Nami nilikuwa nyuma yake namtikisia kichwa."

"Mimi ndiye niliyesema apelekwe, wifi. Inuka tukamchukue."

Walimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amekonda, amevaa sweta la mtu mwingine. Karani alipiga magoti, akamwekea kompyuta mapajani.

"Kaka, ulisema kweli. Nilikosea mimi. Karata zako hizi hapa, nimezirudisha Kusini."

Kimya alizitazama kwa adabu, kama mtu anayeoneshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

"Nzuri," alisema. "Zinang'aa. Asante, mama."

Karani alibonyeza karata ya kwanza kwa niaba yake, akangoja. Kimya alikuwa anaangalia mlango. Mkewe akaiondoa kompyuta, akainama kumvalisha viatu. Alishamvalisha cha kushoto, Kimya akauvuta mguu wa kulia na kuuficha chini ya kitanda.

"Tunakwenda nyumbani, baba," mkewe alimwambia. "Twende, nimekuja."

"Hapana, dada. Siwezi kuondoka hapa." Alisema kwa upole kabisa, asimuudhi. "Mke wangu alisema atanifuata. Akija asinikute, atahangaika bure."

Wifi alibaki amechuchumaa, kiatu cha kulia mkononi. Karani akamwangalia kaka yake, na safari hii hakumbishia.